Daftari lililozunguka kati ya walimu

Mwalimu mmoja wa kambini anayefundisha chini ya hema aliniuliza juzi: nani atamsaidia kuendelea kujifunza kazi yake, wakati inspekta hafiki? Nikamsimulia habari ya Célestin Freinet, mwalimu wa Ufaransa.

Freinet alijeruhiwa mapafu vitani mwaka 1917. Mwaka 1920 akaanza kufundisha kijijini Bar-sur-Loup, lakini pumzi ilikuwa fupi, hakuweza kusema siku nzima. Akanunua mashini ndogo ya kuchapa. Watoto wakachapa wenyewe habari za kijiji chao na kuzituma kwa shule moja ya Bretagne, mbali sana na kwao.

Walimu wengine wakamfuata. Walizungusha daftari kwa posta: mmoja anaandika alichojaribu darasani, hata kilichomshinda, kisha anamtumia mwenzake, naye anaongeza lake. Hapo pa kuandika kilichokushinda ndipo ninapopapenda. Kwetu, walimu wengi wanaogopa kusema hivyo mbele ya mkubwa wao. Mwaka 1927 wakakutana uso kwa uso mjini Tours.

Mwalimu wa kambini alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu: daftari moja ni bei gani sasa?