Kufuli la waya: nani ameshika ufunguo?

Nje ya stesheni ya Lewisham, kusini-mashariki mwa London, huonekana jambo ambalo wenyeji wa jiji hilo wamelizoea: gurudumu moja la baiskeli limefungwa barabara kwenye nguzo, na baiskeli yenyewe haipo. Pengine hata gurudumu halipo, na kilichobaki ni kipande cha waya wa chuma uliosokotwa, ncha zake zimechanua kama ufagio.

Kwa mpita njia hiyo ni takataka. Kwa kijana anayepeleka vyakula majumbani, aliyeiacha baiskeli dakika tano ili apande ghorofani na mfuko wa mteja, huo ni mkate wake uliokatwa. Na kwa wabunifu wa makufuli, kipande hicho kinarudisha swali lililowasumbua kwa zaidi ya miaka mia mbili: ikiwa hakuna kufuli lisilovunjika, basi kufuli ni la nini?

Katika miongo ya karibuni jibu lililopendwa zaidi ni umeme. Waya umebaki uleule, lakini mwisho wake umewekwa kijisanduku chenye betri, mota ndogo na chembe ya kompyuta, na ufunguo umehamishwa kutoka mfukoni mwa mwenye mali ukapelekwa kwingine.

Catford, 1896

Lewisham si jina linalotajwa sana baiskeli zinapozungumzwa, ingawa lingestahili. Manispaa ya Lewisham ya leo iliundwa mwaka 1965 kwa kuunganisha Lewisham ya zamani na Deptford, na ndani yake imo Catford, ambako klabu ya waendesha baiskeli ilianzishwa mwaka 1886. Mwaka uliofuata klabu hiyo iliandaa mashindano ya kupanda mlima katika jimbo jirani la Kent. Mashindano hayo yanahesabiwa kuwa miongoni mwa ya kale kabisa ya baiskeli duniani yanayoendelea hadi sasa.

Mwaka 1895 Catford ilipata uwanja wake wa mbio, na Juni 1896 maelfu ya watu walifurika humo kushuhudia shindano la ajabu. Mvumbuzi William Spears Simpson alidai kwamba mnyororo wa baiskeli alioubuni ulikuwa na nguvu kuliko mnyororo wa kawaida, akaweka dau la fedha dhidi ya yeyote asiyeamini. Mchoraji Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec alitengeneza bango la kuutangaza. Waendeshaji wa Simpson walishinda mbio mbili kati ya tatu, na mnyororo ukasifiwa mno. Ukweli ni kwamba Simpson alikuwa amekodi miguu iliyo bora. Mnyororo wake ulitoweka sokoni baada ya muda mfupi. Ni kisa cha kukumbukwa kila kifaa kipya kinapoletwa kwa ngoma na tarumbeta, na vifaa vya kufungia baiskeli navyo vimeletwa hivyo zaidi ya mara moja.

Udhaifu wa waya

Kamba ya waya wa chuma haikubuniwa kwa ajili ya kufuli. Ilianza kutumika mwaka 1834 katika machimbo ya milima ya Harz, Ujerumani, kwa juhudi za ofisa wa migodi Wilhelm Albert, aliyechoshwa na minyororo iliyokatika bila onyo. Fadhila yake ni kwamba imesokotwa kwa nyuzi nyingi: uzi mmoja ukikatika, zilizobaki hubeba mzigo, na fundi hupata nafasi ya kuona hatari kabla ya maafa.

Katika kufuli, fadhila hiyo hugeuka aibu. Kila uzi ni mwembamba, na mwizi mwenye mkasi imara huutafuna waya uzi baada ya uzi kwa muda usiotosha kumwita mtu. Hata hivyo waya ni mwepesi, hupinda, hupita katikati ya gurudumu na kuzunguka nguzo ya taa, mti au ua wa chuma, mahali ambapo pingu ngumu yenye umbo la U haitoshi. Mbunifu anayeuchagua waya ameshakubali tangu mwanzo kwamba utakatika. Analojadili ni nini kitokee unapokatwa.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walilielewa jambo hili zamani. Milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu ilifungwa kwa nje kwa riza, yaani mnyororo wa mlango, ulioingizwa katika tumbuu na kutiwa kufuli. Hakuna aliyedhani kwamba riza ingeshinda shoka. Lakini pigo la shoka katika kichochoro chembamba lingeamsha mtaa mzima.

Kufuli linalosema

Wazo la kulifanya kufuli lenyewe litoe habari lina historia yake Uingereza, na linatokana na bandari za kifalme. Deptford, iliyo leo ndani ya Lewisham, ilikuwa na bandari ya kuundia manowari iliyoanzishwa na Mfalme Henry wa Nane mwaka 1513 na kufungwa mwaka 1869. Bandari za namna hiyo zilijaa shaba, kamba, turubai na vyakula, na wizi ulikuwa maradhi yake ya kudumu.

Mwaka 1817 ghala la bandari ya Portsmouth, dada yake Deptford, liliibiwa kwa funguo za bandia. Serikali ilitangaza zawadi kwa atakayebuni kufuli lisilofunguliwa ila kwa ufunguo wake halisi. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb alileta jibu lenye akili ya kipekee. Mtu akilichokonoa kufuli lake na kukinyanyua kipande kimoja cha ndani kupita kiasi, kilinaswa hapohapo. Mwenye ufunguo halisi aliporudi aliukuta hauzunguki. Hapo alijua: kuna mkono uliopita hapa.

Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja aliyekuwa fundi makufuli aliahidiwa msamaha na fedha iwapo angelifungua. Alihangaika kwa wiki nyingi, akasalimu amri. Lakini mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la Chubb kwa dakika 25, kisha akalifungua kufuli la Joseph Bramah, lililokaa kwa miongo kadhaa katika dirisha la duka likimsubiri mshindani. Hilo la pili lilimchukua zaidi ya wiki mbili.

Magazeti yaliona fedheha. Jambo la Chubb la maana zaidi, hata hivyo, halikuguswa na Hobbs: kwamba kufuli linaweza kuwa shahidi.

Namba kwa simu

Baiskeli ilikuja kukutana na umeme kupitia mlango wa siasa. Mwaka 1965 vijana wa kundi la Provo mjini Amsterdam walipaka baiskeli rangi nyeupe na kuziacha mitaani zitumiwe na yeyote. Polisi walizikamata, kwa hoja kwamba ilikuwa kosa kuacha baiskeli bila kufuli. Vijana wakazitia makufuli ya namba, na namba zenyewe wakaziandika kwenye baiskeli. Kwa kejeli hiyo walitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kufunga kitu, na kumzuia mtu asikitumie.

Miaka thelathini baadaye wahandisi walitafuta njia ya kuyaunganisha tena. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Portsmouth, katika mji uleule wa Chubb, kilijaribu baiskeli zilizofunguliwa kwa kadi yenye utepe wa sumaku. Na mwaka 2000 mjini Munich ulianza mpango wa Call a Bike, ambao baadaye ulichukuliwa na shirika la reli la Ujerumani.

Kufuli la Munich linastahili kutazamwa kwa karibu. Mtumiaji aliipigia simu namba iliyoandikwa kwenye baiskeli, akapewa tarakimu nne, akazibonyeza, na kufuli likafunguka. Alipomaliza alifunga, kisanduku kikaonyesha tarakimu nyingine, naye akazisoma kwa simu kuthibitisha kwamba amerudisha. La kushangaza ni kwamba kufuli halikuwa na mawasiliano yoyote na makao makuu. Kompyuta mbili, moja ofisini na moja kwenye baiskeli iliyosimama mvuani, zilifanya hesabu ileile kila moja peke yake na kupata jibu moja. Aliyebeba ujumbe kati yake alikuwa mteja, bila kujua anabeba nini.

Sababu ilikuwa betri. Redio hula umeme, na kufuli la baiskeli halina waya wa kuuchota. Kwa sababu hiyo pia wabunifu wengi hupendelea mota ndogo inayozungusha kipande cha ndani kwa muda mfupi kisha ikalala, kuliko sumaku ya umeme inayodai kulishwa muda wote inaposhikilia. Kisha lipo swali ambalo kila mbunifu lazima alijibu: betri ikifa, kufuli libaki limefungwa au lifunguke? Likifunguka, mwizi atajifunza kungoja. Likibaki limefungwa, mtu mwaminifu atakwama. Karibu wote wamechagua amkwame mwaminifu.

Mwaka wa 2004

London ilipata kufuli lake la aina hiyo Agosti 2004, pale mpango wa OYBike ulipoanza katika manispaa ya Hammersmith na Fulham, magharibi mwa jiji. Baiskeli zilifungwa kwa waya wa chuma na kisanduku chenye vibonyezo, na namba ya kufungulia ilipatikana kwa simu ya mkononi. Ulikuwa mpango mdogo, wa baiskeli chache, na haukuwahi kuwa sehemu ya maisha ya watu wa Lewisham, ng'ambo ya Mto Thames.

Mwezi uliofuata ilizuka habari iliyotikisa biashara yote ya makufuli. Ilisambaa video ikionyesha kwamba baadhi ya makufuli mazito ya U ya kampuni ya Kryptonite, yenye ufunguo wa mviringo, yaliweza kufunguliwa kwa kifuko cha plastiki cha kalamu ya kawaida. Kampuni ililazimika kubadilishia wateja makufuli kwa maelfu. Waliocheka waya kwa wepesi wake walinyamaza kidogo.

Na kabla mwaka haujaisha, watu wa klabu ya wataalamu wa kompyuta ya Chaos, Ujerumani, walitangaza kwamba makufuli kadhaa ya Call a Bike mjini Berlin yalikuwa yamefunguliwa, programu yake ikasomwa na kubadilishwa, na baiskeli hizo zikaendeshwa bure. Waya haukukatwa hata uzi mmoja. Kazi ya Hobbs ilikuwa imerudiwa baada ya miaka 153, safari hii bila kuchokonoa tundu la ufunguo.

Baiskeli za umma zilipoanza rasmi London, Julai 2010, waya uliachwa kabisa: baiskeli ilishikwa na nguzo nzito iliyochimbiwa barabarani. Mtandao huo ulianzia katikati ya jiji, na miaka ikapita bila vituo vyake kufika Lewisham. Wakazi waliendelea na makufuli yao ya dukani. Mwaka 2017 zikaja London baiskeli zisizohitaji kituo, zinazofunguliwa kwa simu, zikiwa na pete ya chuma inayolibana gurudumu la nyuma. Pete hiyo haiifungi baiskeli kwenye kitu chochote. Mjini Manchester kampuni ya Mobike ilijiondoa mwaka 2018 ikilalamikia wizi na uharibifu. Baiskeli zilibebwa tu, kufuli na yote.

Kutoka Mombasa kwenda Malaba

Kufuli la waya linaloongozwa kwa umeme limepata kazi yake kubwa mbali na baiskeli, na wasikilizaji wa Afrika Mashariki wamekwisha kuliona bila kulitilia maanani. Ni ile lakiri ya kielektroniki inayoning'inia nyuma ya malori ya mizigo inayopita kwenda nchi nyingine. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kuifuatilia mizigo hiyo, zikiwa na vituo vya uangalizi Nairobi, Kampala na Kigali.

Kabla ya hapo ofisa wa forodha alitia lakiri ya risasi au ya chuma, yenye namba, na malori mengi yalisindikizwa kwa misafara hadi mpakani. Lakiri ya zamani ilisema ukweli wake mwisho wa safari, wakati sukari iliyopaswa kuvuka mpaka imeshauzwa njiani bila kodi. Lakiri mpya husema papo hapo. Waya ukikatwa, lori likiacha njia, ishara hutumwa kwa mtandao wa simu za mkononi pamoja na mahali lilipo, na kikosi cha barabarani huondoka. Chubb angeitambua mara moja.

Wafanyabiashara wamefaidika, kwa kuwa kungoja msafara kulikula siku. Kwa dereva hesabu ni nyingine. Ndiye anayelala na mzigo, anayejua kona za Mariakani na foleni za Malaba, lakini hana mamlaka juu ya kile alichokibeba mgongoni. Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo unaomfuatilia dereva mwenyewe pamoja na mzigo, na majibu ya vipimo vyake. Kifaa kilichobuniwa kuchunga sukari na mafuta kilipata mwenzake wa kuchunga mtu.

Huko Lewisham, mpeleka vyakula aliyechoka kuibiwa anaweza leo kununua kufuli la waya linalofunguliwa kwa simu. Ndani ya waya hupitishwa uzi mwembamba wa umeme: ukikatwa, king'ora hulia na simu yake hupata habari. Kama yuko ghorofa ya kwanza, huenda akafika kwa wakati. Kama yuko ya kumi na mbili na lifti mbovu, atakuwa amepata taarifa.

Na usiku wa manane, kazi imekwisha, simu yake ikizima kwa kukosa chaji, anasimama mbele ya baiskeli yake mwenyewe. Waya ni mzima, betri ya kufuli imejaa, na nguzo haijatikisika.