Uhamisho wa wafanyakazi kampuni inaponunuliwa

Uhamisho wa wafanyakazi ni kupokewa kwa watumishi wa biashara iliyonunuliwa, pamoja na haki zao, na mwajiri mpya. Mengi hutegemea kilichouzwa. Zikiuzwa hisa, mwajiri kisheria ni yuleyule na mikataba ya kazi inaendelea. Ikiuzwa biashara yenyewe, mwajiri hubadilika, na hapo ndipo wafanyakazi huumia.

Afrika Kusini, kifungu cha 197 cha sheria ya kazi ya 1995 huihamisha mikataba kwa mnunuzi pamoja na miaka ya utumishi. Ndiyo kinga ya haki zaidi. Kenya haina kifungu cha namna hiyo. Mara nyingi muuzaji huwapunguza wafanyakazi na kuwalipa, kisha mnunuzi huajiri awatakao. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Karani wa miaka 9 hupata walau siku 135, kisha huanza kuhesabiwa upya kama mgeni kwenye meza ileile.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hutoa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa mwaka, kikomo miaka 10. Anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi, hata kwa mwajiri mwingine, hukikosa. Sharti hilo lisomwe kabla ya kujibu barua ya mnunuzi inayotoa kazi. Ziulizwe pia likizo zilizolimbikizwa, makato ya mkopo wa SACCOS na hatima ya mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi.