Makambako: mji wa njia panda na kero ya maji

MJI wa Makambako umekuzwa na njia panda. Hapo barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma hukutana na ile ya Songea, na reli ya Tazara, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni yake. Njombe, iliyo kilometa 60 hivi kusini, ndiyo iliyopata makao makuu mkoa ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Hata hivyo, mwenye mbao, viazi au mahindi ya kuuza huitazama Makambako kwanza, kwa kuwa malori hupita mlangoni.

Kero kubwa ni maji. Huduma hiyo haikwenda sambamba na ongezeko la watu, ambao sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu 93,827. Miji yote miwili imo katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Umeme ulitangulia: njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018.

Anayetafuta kiwanja huko aulize kwanza bomba liko wapi. Upepo atauzoea, baridi ya Njombe ni kali zaidi.