Moto, Mbao na Sauti: Historia ya Kuoka Mbao za Ala za Muziki

Moto umekuwa zana ya mafundi wa ala za muziki tangu zamani, lakini kazi unayopewa imebadilika sana katika miaka mia mbili iliyopita. Kwa karne nyingi fundi wa udi, fidla au gitaa alihitaji joto hasa kwa ajili ya kupinda mbao: ubavu wa fidla, ambao unene wake ni kama milimita moja tu, hulowanishwa kidogo kisha hukandamizwa juu ya chuma cha moto mpaka lignini, yaani ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, ilainike na ubao ukubali kupinda bila kuvunjika. Mbavu za tumbo la udi, ule unaopigwa katika taarab ya Unguja na Mombasa, hupindwa kwa njia hiyo hiyo. Joto la namna hii hudumu dakika chache, hubadili umbo la ubao na kuuacha mwili wake ulivyokuwa. Kuoka mbao ni jambo jingine, kwa kuwa ubao huwekwa tanurini kwa saa nyingi ili maumbile yake yenyewe yageuke. Wala msomaji aliyezoea kuona ngoma zikipashwa moto kabla ya mchezo asichanganye mambo, kwa sababu pale kinachokauka na kukaza ni ngozi, nayo hulegea tena mara umande unapoingia.

Historia ya kuoka mbao kwa ajili ya muziki imefungamana na jina la Jean-Baptiste Vuillaume (1798–1875), fundi aliyezaliwa Mirecourt, mji wa watengeneza fidla mashariki mwa Ufaransa, na kujipatia utajiri Paris. Wanamuziki wa zama zake walizitamani fidla za kale za Italia, hasa za Antonio Stradivari wa Cremona aliyefariki mwaka 1737, na kwa kuwa fidla hizo zilikuwa chache na za bei kubwa, soko la nakala likastawi. Hakuna aliyelifahamu soko hilo kuliko Vuillaume, kwani mwaka 1855 alinunua hazina ya fidla iliyoachwa na Luigi Tarisio, mfanyabiashara wa Italia, na ndani yake ilikuwamo fidla ya mwaka 1716 ijulikanayo kama "Messie", ambayo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford. Vuillaume pia alikuwa na uhusiano wa karibu na mwanafizikia Félix Savart, aliyechunguza mitetemo ya mbao za fidla, na kutokana na mazingira hayo ya biashara na sayansi lilizuka wazo kwamba umri ungeweza kuharakishwa kwa moto.

Inasimuliwa kwamba baadhi ya mbao zake alizioka ili zipate rangi na ukavu wa mbao za kale. Wakosoaji wa karne ya 19, Waingereza hasa, hawakumsamehe: walidai kwamba ubao uliookwa hupoteza uhai, hukatika upesi, na kwamba fidla za namna hiyo huanza kwa sauti nzuri kisha hufifia. Hukumu hiyo ilikuwa kali kupita kiasi, kwa sababu fidla za Vuillaume za miaka ya 1860 zingali zikipigwa katika kumbi kubwa za muziki hadi leo. Hata hivyo malalamiko hayakuwa ya bure. Tanuri la wakati ule halikuwa na namna ya kuzuia hewa wala kipimo cha kuaminika cha joto, na ubao ukipashwa joto kali penye oksijeni huungua polepole hata kabla moshi haujaonekana. Kwa hiyo kwa zaidi ya karne moja fundi mwenye heshima alijitenga na tanuri, akaziacha mbao zake darini zikauke zenyewe kwa miaka.

Suluhisho halikutoka kwa watengeneza fidla. Huko Madison, Wisconsin, katika maabara ya serikali ya Marekani ya mazao ya misitu, Alfred Stamm na wenzake katika miaka ya 1930 na 1940 walitafuta namna ya kuzuia mbao kuvimba na kusinyaa, na ili hewa isiufikie ubao waliuzamisha ndani ya metali iliyoyeyushwa. Ubao ulitulia kweli, lakini ukawa mwepesi wa kuvunjika, na bidhaa yao haikupata soko. Ni Wafini walioifanya kazi hiyo kuwa kiwanda, pale ambapo katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya VTT ilikamilisha njia ya kuoka mbao ndani ya mvuke kwa ajili ya kuta za nje, sakafu na vyumba vya sauna.

Mwenendo wa tanuri hilo unafaa kuelezwa kwa hatua, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo tofauti kati ya Vuillaume na warithi wake. Kwanza ubao hukaushwa mpaka karibu unyevu wote utoke, kisha joto hupandishwa hadi kati ya nyuzi 180 na 220 za Selsiasi huku mvuke ukiifukuza oksijeni, na baada ya saa chache tanuri hupozwa na ubao hurudishiwa unyevu kidogo ili usipasuke. Ukaushaji wa kawaida wa kiwandani hauvuki sana nyuzi 80, nao huondoa maji tu. Katika kuoka, kinachovunjika ni hemiselulosi, yaani sehemu ya ukuta wa seli inayopenda maji kuliko nyingine zote; ikipungua, ubao hupoteza uzito, hunywa unyevu kidogo, hugeuka hudhurungi mpaka ndani na kutoa harufu ya sukari iliyoungua. Uzito ukishuka huku ugumu ukibaki karibu vilevile, sauti husafiri kwa kasi zaidi katika ubao na mtetemo hauzimiki upesi, na hayo ndiyo anayoyatafuta fundi wa gitaa katika ubao wa juu.

Watengenezaji wakubwa wa gitaa hawakuingia katika mkondo huu kwa ajili ya sauti peke yake. Mwaka 2008 Marekani iliipanua sheria yake iitwayo Lacey ili ihusu pia mbao zilizovunwa kinyume cha sheria za nchi zilikotoka, na mwaka 2009 na 2011 maofisa wa serikali walivamia viwanda vya Gibson wakitafuta mbao za Madagaska na India. Katika kipindi hicho Gibson ilitumia mepo (maple) iliyookwa kutengenezea vibao vya vidole, mahali palipozoeleka mbao nyeusi za nchi za joto, na mwaka 2012 ikakubali kulipa faini ya dola 300,000. Martin ya Pennsylvania na Yamaha ya Japani zilifuata njia nyingine: zilioka sprusi, jamaa wa msonobari, kwa ajili ya ubao wa juu, na kuitangaza kuwa sauti ya gitaa kongwe.

Madai hayo yana msingi, ingawa tangazo limeupita ushahidi. Utafiti wa wanasayansi wa Taiwan uliochapishwa mwishoni mwa 2016 ulionyesha kwamba katika mepo ya Stradivari takriban theluthi moja ya hemiselulosi imekwisha kuvunjika, maana yake muda na tanuri hushambulia sehemu ile ile ya ubao. Lakini wanamuziki mahiri waliofumbwa macho katika majaribio ya Claudia Fritz na Joseph Curtin, yaliyochapishwa mwaka 2012 na 2014, walishindwa kuzitambua fidla kongwe miongoni mwa mpya. Faida ya hakika ya tanuri, basi, ni wepesi wa ubao na utulivu wake mbele ya unyevu, na gharama yake ni ubao unaopasuka kwa urahisi na usiokunywa gundi haraka.

Mpingo wa Kilwa na Lindi, unaotengenezewa klarineti na oboe, kwa sehemu kubwa umebaki nje ya historia hii, kwa kuwa thamani yake imo katika uzito na mafuta yake, na mafundi hupendelea kuukausha taratibu. Kwa msonobari mambo ni tofauti. Msonobari wa Sao Hill, Mufindi, ni mwepesi na unapatikana kwa wingi, na ala inayosafirishwa kutoka pwani yenye unyevu hadi ukavu wa Dodoma inahitaji utulivu huo huo ambao tanuri hutoa. Watafiti wa misitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na mafundi wa udi na gitaa wa nchini wanapaswa kuujaribu.