Suriname: Sikukuu Zilizotoka Mashambani

Kalenda ya Suriname ni historia ya kazi ya shuruti. Tarehe 1 Julai, Keti Koti, huadhimisha kufutwa kwa utumwa na Uholanzi mwaka 1863, ingawa walioachiwa huru walilazimishwa kufanya kazi kwa mikataba hadi 1873. Mwaka huohuo meli ya Lalla Rookh ilileta vibarua kutoka India. Wajava wakafuata 1890. Ndiyo maana Holi, Diwali na Idi ni mapumziko ya taifa zima. Wapo wanaohofia kwamba sikukuu hizi hugawa watu, na kwamba siku ya uhuru, 25 Novemba 1975, ingetosha. Lakini uhuru huo ni wa wajukuu wa waliokata miwa, na jijini Paramaribo msikiti na sinagogi vimepakana katika mtaa wa Keizerstraat.