Barabara ya Songea–Mbamba Bay

Barabara ya Songea–Mbamba Bay ni njia ya lami yenye urefu wa kilomita 170 hivi. Inaanzia Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma kusini mwa Tanzania, inapita Peramiho, Kigonsera na Mbinga, kisha inateremka hadi ufukwe wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Kwa gari dogo ni safari ya saa chache, lakini anayetaka kuyaona yaliyomo njiani atenge siku mbili au tatu.

Ujerumani, iliyowahi kuzitawala sehemu hizi, ni nchi iliyozoea kuzipa barabara zake majina ya utalii. Romantische Straße, iliyoanzishwa mwaka 1950, inatoka Würzburg hadi Füssen, jirani na kasri la Neuschwanstein. Burgenstraße, barabara ya makasri, ilifuata mwaka 1954 ikianzia Mannheim. Mji mmoja wa Romantische Straße una undugu na Songea ambao watalii wengi hawaujui. Mji huo ni Landsberg am Lech, na karibu yake ipo monasteri ya St. Ottilien, ambako walitoka watawa Wabenediktini waliojenga misheni ya Peramiho. Barabara ya Songea haijapewa jina la utalii, ingawa inastahili. Katika njia hii kazi ya mikono ya Wajerumani iko hatua chache kutoka kwenye makaburi ya watu waliowapinga, na ngome za wenyeji ni mapango na majabali. Anayetazama upande mmoja tu huwa ameona nusu ya njia.

Songea ipo kwenye nyanda za juu, na mashariki yake imeegemea milima ya Matogoro. Humo ndimo unamochimbuka Mto Ruvuma, ambao baadaye unakuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Wangoni waliingia nchi hii katikati ya karne ya 19. Asili yao ni kusini mwa Afrika, walikoondoka wakati wa misukosuko iliyoambatana na kukua kwa dola la Wazulu. Chini ya Zwangendaba walivuka Mto Zambezi mwaka 1835 na kufika Ufipa, na baada ya kifo chake walitawanyika. Waliofika Songea waliunda tawala mbili, Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Kila moja ilikuwa na Nkosi wake, na chini yake manduna walioongoza vikosi na maeneo. Mji umechukua jina la nduna mmoja wa Njelu, Songea Mbano.

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi hapa mwaka 1897. Miaka minane baadaye Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia milima ya Matumbi mwezi Julai 1905, vilifika Ungoni. Dawa ya maji, iliyovipa vita hivyo jina, ililetwa na Omari Kinjalla. Nkosi Chabruma wa Mshope na Nkosi Mputa Gama wa Njelu waliingia vitani, na nduna Songea pamoja nao. Bunduki za rashasha zilipowazidi nguvu, wapiganaji walirudi milimani. Kilima cha Chandamali, ndani ya mji wa leo, kina pango ambalo wenyeji wanasema nduna Songea alijificha humo. Si mahali pa kujengea minara: ni mawe makubwa yaliyoegemeana, vichaka, na upenyo ambao mtu anaingia akiwa ameinama. Ukisimama juu yake unaona mji wote, na hapo unaelewa kwa nini mtu wa vita angepachagua.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Mputa Gama na wenzake zaidi ya 60, wakawazika katika kaburi moja eneo la Mahenge, Songea. Nduna Songea Mbano alinyongwa baada yao na kuzikwa peke yake. Simulizi za mji zinasema kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki nyuma ya wenzake. Zinasema pia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Chabruma alikimbilia Msumbiji na kufa huko. Waliokufa kwa risasi walikuwa sehemu ndogo ya hasara yote. Jeshi lilichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko vita yenyewe. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa maeneo yote ya Maji Maji yanafika watu 300,000.

Leo Mahenge pana Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji. Sanamu za viongozi wa Kingoni zimepangwa uwanjani, na kaburi la pamoja lipo pale pale, limejengewa. Kaburi la nduna Songea liko peke yake, kwa hiyo mgeni huyazuru mawili. Kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake, na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa kinachodaiwa. Kwa familia ambazo zilikuwa zimesubiri zaidi ya miaka 100, ziara hiyo ilikuwa jambo zito, hata kama kichwa chenyewe hakikurudi siku hiyo.

Kutoka Songea barabara inaelekea magharibi, na baada ya kilomita zisizozidi 25 msafiri yuko Peramiho. Misheni hii ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, katika nchi ya Nkosi Mputa. Ujirani huo ulianza kuharibika mapema. Miaka michache kabla ya vita, padre mmoja wa Peramiho, Franziskus Leuthner, aliichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi, yaani nyumba ya kuwaenzi mizimu wa ukoo. Mwaka 1905 misheni ilichomwa moto na Leuthner akauawa. Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, aliuawa mwezi Agosti mwaka huo huo akiwa safarini upande wa Liwale. Mambo haya mawili, nyumba ya mahoka na misheni iliyochomwa, yanapaswa kusimuliwa pamoja.

Peramiho iliyojengwa upya ni kubwa kiasi kwamba mgeni hudhani ameingia mji wa Ulaya uliohamishwa. Mwaka 1931 ilipewa hadhi ya abasia yenye mamlaka juu ya eneo lake lote, chini ya Abate-Askofu Gallus Steiger. Kanisa la abasia lilijengwa katika miaka ya 1940, na kuzunguka kanisa hilo kumekua Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, seminari kuu, chuo cha ufundi, karakana na kiwanda cha uchapaji. Vitabu vingi vya Kiswahili vya dini na vya shule vilitoka katika mitambo ya hapa. Mafundi seremala, waashi na wapiga chapa waliofundishwa Peramiho wametapakaa kusini yote, na pengine hao ndio urithi wa kudumu kuliko kuta. Mwaka 1969 eneo la abasia lilifanywa Jimbo la Songea chini ya askofu Mtanzania, James Komba.

Baada ya Peramiho njia inapita Kigonsera, misheni nyingine ya Wabenediktini, iliyoanzishwa mwaka 1899. Katika seminari yake alisoma Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa awamu ya tatu. Kabla ya hapo, Kitai, barabara inaachana na njia ya kwenda Lituhi na kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka. Malori ya machimbo hayo ndiyo yanayojaza lami na kumtaka dereva awe macho. Kipande cha kilomita 78 kutoka njiapanda ya Peramiho hadi Mbinga kiliwekwa lami kwa fedha za msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay, cha kilomita 66, kilikuja baadaye kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kabla ya hapo, wakati wa masika, gari lililokwama kwenye tope la milima ya Umatengo lingeweza kulala njiani.

Umatengo ndiyo sehemu inayofaa kwendewa taratibu. Wamatengo walisukumwa na Wangoni hadi kwenye miteremko mikali, nao wakabuni kilimo kinachoitwa ngoro. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi shamba linakuwa kama jamvi la miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kurundikwa juu ya nyasi. Kinachobaki ni shimo lenye upana wa kupita mita moja, limezungukwa na matuta pande zote nne. Mvua ikinyesha, maji hayakimbilii bondeni. Yanatuama shimoni, yanaacha tope lake, na kuingia ardhini polepole, huku nyasi zikioza chini ya matuta na kuwa mbolea. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba na kufukia. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Kwa mbali mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki, na wataalamu wa udongo kutoka nchi nyingi wamekuja kujifunza jinsi mteremko kama huo unavyolimwa vizazi na vizazi bila kumomonyoka.

Kahawa ya arabika ilienea hapa kuanzia miaka ya 1920, ikihimizwa na mtawala wa Wamatengo, Chrisostomus Makita. Ndiyo iliyojenga nyumba za bati na kulipa ada za shule za Mbinga. Kusini magharibi mwa mji, nje ya barabara kuu, kuna Litembo. Mwaka 1902, kabla ya Maji Maji, Wamatengo waliokataa utawala wa Kijerumani walijikusanya kwenye majabali na mapango ya mlima wa hapo, wakashambuliwa hapo hapo na wengi wakauawa. Hii ni ngome ya pili ya njia hii baada ya Chandamali, na inajulikana kidogo mno ikilinganishwa na ukubwa wa kilichotokea.

Kutoka Mbinga barabara inashuka kwa kona nyingi. Hali ya hewa inabadilika, baridi ya kahawa inakwisha, miembe na mihogo inaanza, na ghafla kati ya vilima viwili maji ya Ziwa Nyasa yanajitokeza yakiwa bluu. Ziwa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 700. Mbamba Bay ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa: ghuba tulivu, mitumbwi, dagaa walioanikwa, na bandari inayofikiwa na meli ya MV Mbeya II kutoka Kyela.

Anayetaka kumaliza historia ya Wajerumani ziwani huendelea kaskazini hadi Liuli. Wao waliiita Sphinxhafen, kwa sababu jabali lililo bandarini lina umbo la Sphinx wa Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen, ikiongozwa na Kapteni Rhoades, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, rafiki wa Rhoades, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Alipiga makasia hadi kwenye meli ya Waingereza akimfokea mwenzake, akashikwa mateka. Tukio hilo huhesabiwa kuwa pambano la kwanza la majini la Vita Kuu ya Kwanza. Liuli hiyo hiyo amezikwa William Percival Johnson, mmisionari Mwanglikana aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuhubiri mwambao huu kwa miongo kadhaa, na waumini huzuru kaburi lake. Mbele zaidi iko Manda, iliyokuwa Wiedhafen. Majina yote mawili ya Kijerumani yamefutika kwenye ramani, na wavuvi wanaotia nanga chini ya lile jabali wanapataja kwa jina moja tu: Liuli.