MTOTO WA MHUNZI ASIPOSANA HUVUKUTA
Kazi ya chuma kwetu Boga, toka mvukuto mpaka posti ya kusude

Methali tuliyoiweka juu ya ukurasa huu ni ya zamani, na vijana wengi wa leo hawaielewi tena. Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mvukuto. Wazee walitaka kusema hivi: mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya mhunzi, hata kama hajaweza kushika nyundo, atakuwa karibu na moto, atapuliza, ataona, na siku moja nyundo itakuja mkononi mwake yenyewe. Njo maana tunasema kwamba kazi ya chuma kwetu ilijifunzwa nyumbani. Haikuanza shuleni.

Tumeamua kuandika juu ya hiyo kazi kwa sababu tunaona jambo moja. Pale wahunzi walipoacha kuvukuta, leo vijana wanasude, yaani wanachomelea vyuma kwa umeme. Watu wanafikiri ni vitu viwili visivyojuana. Sisi tunaona ni njia moja, ambayo ilikatika katikati. Na kama hatuangalii, itakatika mara ya pili.

1. Wahunzi wa zamani

Sisi Bahema wa Boga tuna lugha na mila zinazotuunganisha na Bunyoro na Toro, ng'ambo ya mto Semliki. Mhunzi tulimwita omuhesi, jembe enfuka, mkuki icumu. Nchi ya Bunyoro ilijulikana mbali kwa chuma chake na kwa chumvi ya Kibiro, kwenye ziwa Albert. Jembe halikuwa chombo cha shamba tu. Lilikuwa mali: liliingia katika mahari, lilibadilishwa kwa chumvi na kwa mbuzi.

Mwingereza Samuel Baker, aliyefika kwenye ziwa mwaka 1864, aliandika kwamba wahunzi wa Bunyoro walikuwa hodari sana, wakitumia nyundo za chuma wakati wengine aliowapita njiani walitumia mawe, na kwamba waliweza kuvuta waya mwembamba wa shaba. Huyu hakuwa mtu wa kutusifu bure; katika kitabu chake ametusema vibaya mahali pengi.

Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kuyeyusha: mawe yenye chuma yalipangwa pamoja na makala ndani ya tanuri, na mivukuto ikapulizwa saa nyingi bila kupumzika. Haikutoka chuma kinachotiririka kama maji, bali bonge lenye takataka ndani, lililohitaji kupigwa na kupigwa ili lisafike. Hii sehemu ilikuwa na miiko yake, na si kila mtu aliruhusiwa kusogea. Pili, kufua: kutoka bonge lile kupata jembe, kisu, mkuki, kichwa cha mshale.

Tunaomba msomaji ashike neno moja hapa. Mhunzi alipokuwa na vipande viwili, alivitia motoni mpaka vikawa vyeupe, akavilaza pamoja na kuvipiga haraka kabla havijapoa, vikawa kimoja. Kwa hiyo kuunganisha chuma na chuma hakukuja na umeme. Babu zetu walijua.

Tena chuma hakikujua kabila. Wambuti wa msituni hawakuyeyusha chuma. Vichwa vya mishale na visu walivipata kwa majirani wakulima, nao wakaleta nyama na vitu vya msitu. Katika Ituri yetu, ambako tumehesabu maiti nyingi kwa ajili ya makabila, ni vizuri kukumbuka kwamba tanuri moja lililisha nyumba nyingi.

2. Mkuki katika majani

Historia ya Boga yenyewe ina chuma ndani yake. Apolo Kivebulaya, mhubiri kutoka Buganda, alifika kwetu mwaka 1896, wakati mkubwa wa Boga alikuwa Tabaro. Watu walikuwa wakimjengea Apolo, na dada yake Tabaro akaanguka juu ya mkuki uliokuwa katika majani, akafa. Apolo alishtakiwa kwamba ndiye mwenye kosa, akapelekwa Toro na kufungwa, hata ikaonekana hana hatia. Alirudi, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alikufa tarehe 30 Mei 1933 na kaburi lake liko hapa hapa Boga.

Wahubiri wamesimulia hii habari mara nyingi kwa ajili ya imani. Sisi tunaisimulia pia kwa ajili ya mkuki. Kila mahali palikuwa na mkuki, na kila mkuki ulikuwa na fundi wake. Miaka mia na zaidi imepita, na tukimuuliza kijana wa Boga ni nyumba gani ilikuwa ya wahunzi, anatuangalia tu.

3. Kwa nini moto ulizimika

Mwaka 1903 dhahabu iligunduliwa Kilo, na mwaka 1905 uchimbaji ukaanza. Baadaye Kilo na Moto zikawa kampuni moja kubwa yenye reli ndogo, mashine, magari na maatelie. Majembe ya Ulaya yakafika madukani, mepesi na ya bei ndogo. Nani atalala siku nyingi kando ya tanuri, wakati jembe linauzwa sokoni? Kwanza kuyeyusha kukaisha. Kufua kukaendelea kidogo, kwa chuma kilichookotwa: springi za magari, vipande vya reli.

Mashindano ya bei njo sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni yetu wenyewe. Ujuzi ulifungwa ndani ya jamaa chache, kwa siri. Siri ililinda kazi wakati kazi ilikuwa na faida. Faida ilipokwisha, wazee wakaenda kaburini nayo. Hakuna mtu aliyeandika. Hakuna mtoto wa nje aliyevukuta.

4. Moto wa umeme

Huku kwetu moto ukizimika, Ulaya mwingine uliwashwa. Katika miaka ya 1880 Mrusi Nikolai Benardos alionyesha kwamba umeme ukiruka kati ya kaa na chuma unaweza kuyeyusha na kuunganisha. Mwaka ule ule 1903, ambao dhahabu ya Kilo iligunduliwa, Wafaransa Fouché na Picard walitengeneza mdomo wa moto wa gesi ya asetileni na oksijeni. Halafu Oscar Kjellberg wa Uswidi akaleta fimbo ya chuma iliyopakwa dawa, ambayo sisi leo tunaita bageti. Ile dawa inaungua na kufanya moshi na ganda, ili hewa isiharibu chuma kikiwa bado maji.

Kwetu kazi hii ilipitia maatelie ya migodi, ya misioni na ya magaraji. Hata umeme wa Bunia una alama ya historia hiyo: kituo cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya Kilo. Mfanyakazi aliyejifunza kule alirudi nyumbani na ujuzi, akafungua kazi chini ya mwembe. Mtoto wake akamshikia chuma. Msomaji anaona? Mtoto yule alikuwa akivukuta.

5. Kujifunza nyumbani, leo

Vita vya toka 1999 mpaka 2003, na mashambulizi ya usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021 yaliyoua makumi ya watu Boga na Tchabi, yalifukuza watu na kubomoa nyumba. Anayerudi anahitaji mlango, dirisha, kinga iliyotengenezwa, mashine ya kusaga unga iliyofufuliwa. Kazi ipo. Kinachokosa ni mikono iliyofundishwa vizuri.

Wazazi wengine wanatuuliza: mtoto anaweza kujifunza nyumbani? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa namna ya zamani: karibu na fundi. Aanze kwa kukata na kusafisha chuma, kwa sababu kutu, rangi na mafuta vinaharibu kila kitu. Halafu apige mistari juu ya kipande kinene cha mafera, si juu ya mlango wa mteja. Avunje kazi yake mwenyewe kwa nyundo na kuangalia ndani: kama imevunjika kwenye mshono na inaonyesha matundu, moto haukuingia. Bati jembamba linatoboka haraka. Aliache mpaka mkono utulie.

Kuhusu posti ya kwanza, tumeona vijana wakitupa pesa ya ng'ombe mzima. Basi tunasema yale tunayoyajua.

Ziko aina mbili. Posti ya transfoma ni nzito, inakula umeme mwingi, lakini inavumilia, na fundi wa hapa anaweza kusuka upya nyaya zake. Posti ndogo ya inveta ni nyepesi hata kubebwa begani, inakula kidogo, na inawasha bageti kwa urahisi, jambo linalomsaidia anayeanza. Lakini haipendi vumbi la chuma, wala umeme unaopanda na kushuka, na ikiharibika wachache wanaweza kuitengeneza.

Asidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa juu ya sanduku. Kwa milango na madirisha, bageti ya milimita 2.5 inataka ampea 60 mpaka 90 hivi. Ya milimita 3.2 inataka 90 mpaka 130. Kwa hiyo posti inayotoa ampea 140 za kweli inamtosha. Aulize pia inaweza kufanya kazi dakika ngapi katika kila dakika 10. Ikiandikwa asilimia 30, maana yake dakika 3 za kusude na 7 za kupumzika.

Anayetegemea grupu ahesabu kwanza. Inveta ikisude kwa ampea 90 inaweza kuomba karibu kVA 4. Grupu dogo la taa na televisheni halitaiweza. La kVA 5 au 6 litapumua. Posti ya transfoma itadai zaidi. Kuna pia posti zinazosukwa na mafundi wetu kwa waya wa shaba. Tunaheshimu akili yao, lakini ile isiyo na kifuniko, yenye nyaya nje, isiingie mu nyumba yenye watoto.

6. Miiko mipya

Wahunzi walikuwa na miiko, na kazi hii inayo pia. Sisi wenyewe, tulipokuwa wadogo, tuliangalia ule moto kwa macho matupu, ingawa mzee alipiga kelele: "Wewe mutoto, usiangalie ile moto!" Usiku tukaamka macho yamejaa kama mchanga, machozi hayakomi. Tulipona, lakini wapo waliorudia mara nyingi, na leo wanashindwa kusoma Biblia. Miwani ya jua haisaidii hata kidogo. Kioo cha kinyago kiwe cha namba 10 au 11, na watoto wa jirani wafukuzwe mbali.

Mwiko wa pili: pipa lililobeba esanse au mazutu lisiguswe kwa moto, hata kama linaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndani unalipuka. Wa tatu: manjanja na tibi zilizopakwa zinki zinatoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi usiku ule, zinki iondolewe kwanza, na kazi ifanyike inje penye upepo. Wa nne: wakati wa mvua, au ukiwa umesimama penye maji, hakuna kusude.

7. Neno la kumaliza

Tanuri za babu zetu hatutaziwasha tena, wala hatuombi hivyo. Tunaomba mambo mawili. Kwa mafundi: msifunge ujuzi. Chukueni mtoto mmoja asiye wa jamaa yenu, hata wa kabila lingine, ashike chuma mkisude. Siri iliua kazi ya omuhesi, itaua na ya kwenu. Kwa wazee waliobaki: mkijua nyumba iliyokuwa ya wahunzi, au mahali penye mabaki meusi ya chuma shambani, tuambieni tuandike, sababu mwaka kesho tunaweza kuchelewa.

Na kwa kijana ambaye bado hana posti: usione haya kushika chuma cha mwingine. Unavukuta. Kusana kutakuja.